Poni kwa mtoto wa miaka 4 na wa 7: mtazame akiwa chini kwanza

Mkuu, umeuliza kama mabinti zako wa miaka 4 na 7 wamefikia kuwa na poni (farasi wa umbo dogo) wao, kwa kuwa una ekari moja Usa River, karibu na Arusha, na kuna mtu anakuuzia mtoto wa farasi wa miezi 8 kwa bei ya chini, "wakue pamoja". Nianze na huyo mtoto wa farasi: mwache. Hapandwi mpaka afike miaka 3 au 4, na hapo ndipo anaanza kufundishwa. Binti yako mkubwa atakuwa na miaka 9 hadi 11, na atakabidhiwa mnyama asiyejua kitu. Mtoto anayejifunza anahitaji poni anayejua kazi: wa miaka 10 hadi 18, aliyekwisha kubeba watoto wengine na kuzoea makelele yao. Poni huishi miaka 25 hadi 30, kwa hiyo wa miaka 15 usimwite mzee.

Sasa watoto. Umri peke yake hautakuambia mengi. Tazama anachofanya kabla hajagusa tandiko. Huyu wa 7 amfuate poni malishoni, amvike kamba ya kichwani, amwongoze akitembea usawa wa bega lake, amfunge kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta ncha moja, kisha ainue miguu yote minne na kuchokonoa tope kwenye kwato, akianzia kisiginoni kwenda mbele. Mtu mzima awe karibu, lakini mikono mfukoni.

Halafu angalia jinsi anavyoshika kamba. Asiye tayari huizungusha kiganjani ili isimponyoke. Poni akishtuka, kitanzi kinakaza na vidole vinavunjika, au mtoto anaburutwa. Kamba ya ziada hukunjwa mikunjo mirefu, kwenda na kurudi, ikashikwa katikati. Mtoto anayefanya hivyo bila kukumbushwa, wiki ya tatu, asubuhi ya mvua na tope, huyo amefika. Anayekuja mbio tandiko likishafungwa na kuondoka akishuka bado anataka kubebwa tu. Mpeleke kwenye mafunzo ya kulipia na usinunue chochote. Wa miaka 4 anatosha kuongozwa dakika 15 au 20, mtu mzima ameshika kamba. Poni wa peke yake hamhitaji.

Juu ya mgongo, kipimo ni kusimamisha, kugeuza, na kwenda matiti (ule mwendo wa kudundadunda) bila kuning'inia kwenye hatamu. Anayejishikilia kwa hatamu anamuumiza poni mdomoni kwa lijamu (kile chuma cha kinywani), na poni mpole hugeuka mkaidi ndani ya miezi michache. Mambo ya shoti (mwendo wa mbio) yasubiri. Kofia ngumu ya wapanda farasi ni lazima, na ikipata kishindo kimoja kikubwa itupwe hata kama haina ufa. Viatu viwe na kisigino, na kikuku (chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko) kiwe kipana kuliko kiatu kwa kama sentimita 2.5. Raba bapa huteleza mpaka mguu unanasa, na hapo ndipo mtoto huburutwa.

Ukubwa usikisie. Zungusha utepe kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Mzunguko zidisha kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawa kwa 11,880, unapata kilo. Mzunguko wa sm 135 na urefu wa sm 130 ni karibu kilo 200. Poni huyo abebe kama asilimia 15 ya uzito wake, yaani kilo 30, tandiko likiwemo. Tandiko likiwa na kilo 5, mtoto asizidi 25. Pigia hesabu miaka mitatu mbele.

Matunzo ndiyo yanayowashinda wengi, hasa waliozoea ng'ombe. Poni wa kilo 200 anataka kama kilo 4 za nyasi kavu kwa siku, na maji muda wote. Pumba na mahindi humnenepesha hadi shingo inakuwa ngumu juu, kisha kwato huvimba ndani: anasimama ameegemea nyuma na anakanyaga kama yuko juu ya makaa. Chakula cha madukani cha kuku au ng'ombe usimpe kabisa. Kingine kina monensini, dawa inayochanganywa kwenye chakula cha mifugo, nayo huua farasi kwa kiasi kidogo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi nayo inamsimamishia utumbo. Kwato zikatwe kila wiki 6 hadi 8, meno yakaguliwe kila mwaka. Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika ni kila mwaka kabla ya mvua, na jioni aingie bandani mpaka jua lichomoze, kwa sababu visubi wanaoueneza huuma usiku. Seng'enge ing'oe, inachana miguu.

Na asikae peke yake. Punda ni mwenzake mzuri, ila mpime kinyesi kwanza: hubeba minyoo ya mapafu bila dalili yoyote, poni ndiye anayekohoa.

Mimi ningekodi kwa miezi mitatu kabla ya kununua. Ukienda kumwona poni, mwambie muuzaji asimkamate kabla hujafika. Ukimkuta amekwisha fungwa na ana jasho, huenda kachoshwa makusudi. Rudi siku nyingine bila kupiga simu. Akamatwe malishoni mbele yako, apandwe na mtoto wao, aende mbali na wenzake na kurudi. Binti yako apande mwisho.