Maswali ya Bustani: Kabla Ardhi Haijaamka

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wanaotazama bustani tupu kupitia dirishani, mawingu yametanda na jua linazama mapema. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: je, ninaweza kuanza sasa? Tumechagua tano.

SWALI: Nina mbegu za nyanya, pilipili hoho, kabichi na matango. Siku hizi za baridi sina la kufanya. Kuna ubaya gani nikizisia zote leo ndani ya nyumba ili niwahi kuvuna? (Mwenye Hamu)

JIBU: Hutawahi, ndugu yetu, na huenda hata ukachelewa. Mche wa nyanya uliokaa wiki 12 ndani ya kikopo hurefuka bila nguvu, mizizi yake hujizungusha kwa kukosa pa kwenda, na huanza kutoa maua kabla haujaona bustani. Ukihamishiwa nje hudumaa, ukapitwa na mche mfupi wa wiki saba uliopandwa siku hiyohiyo. Hili ndilo kosa tunaloliona kuliko mengine yote, na huzaliwa na hamu nzuri kabisa.

Kazi ya leo ni kalenda. Ulizia tarehe ambayo kwa kawaida sakitu ya mwisho (umande unaoganda kuwa barafu) huanguka hapo unapoishi. Idara ya hali ya hewa huwa na kumbukumbu, na wakulima wakongwe wa karibu nawe wanaijua. Itie alama, kisha hesabu wiki kurudi nyuma. Vitunguu vya kusia mbegu huanza wiki 10 hadi 12 kabla ya tarehe hiyo. Hoho, ambazo huota polepole, wiki 8 hadi 10. Nyanya 6 hadi 8. Kabichi pia inaweza kusiwa wiki 8 hivi kabla, lakini kwa kuwa huvumilia baridi, miche yake hutoka nje ikiwa na wiki 4 hadi 6, yaani kabla sakitu haijakoma. Matango yasubiri: wiki 3 au 4 zinatosha. Mizizi yake haipendi kuguswa, kwa hiyo weka mbegu mbili katika kila kikopo, na mche dhaifu ukate kwa mkasi badala ya kuung'oa.

Karoti usizisie kwenye vikopo kamwe. Mzizi wake mkuu ukikatika au kupinda wakati wa kuhamisha, utavuna karoti zenye miguu miwili mitatu.

Angalia na joto la udongo wenyewe, si la chumba tu. Hoho hutaka nyuzi 25 hadi 28 za Selsiasi ili ziote vizuri, nyanya 20 hadi 25. Kikopo kilichokaa kwenye ukingo wa dirisha lenye baridi huweza kuwa chini ya hapo kwa nyuzi kadhaa usiku, na mbegu za hoho zitaoza zikingoja.

SWALI: Nimekuta pakiti za mbegu za miaka iliyopita kwenye droo. Nizitupe? (Mhifadhi)

JIBU: Zijaribu kwanza, siku za baridi ndizo za kazi hiyo. Hesabu mbegu 10, zipange juu ya karatasi laini ya jikoni iliyoloweshwa na kukamuliwa isidondoshe maji, ikunje, itie kwenye mfuko wa plastiki na uandike jina na tarehe. Weka mahali penye nyuzi 20 hadi 25. Zichungulie kila siku mbili. Baada ya siku 7 hadi 10 (hoho zipe 14) hesabu zilizotoa mzizi. Zikiwa 8 au zaidi, sia kama kawaida. Zikiwa 5 hadi 7, sia maradufu. Chini ya hapo nunua mpya, kwa sababu hata zile chache zilizoota huwa hazina nguvu, na udongo wa nje si mpole kama karatasi yako.

Vitunguu ndivyo vinavyochakaa haraka: mwaka mmoja, miwili kwa bahati. Karoti na maharage hukaa kama miaka 3; nyanya, matango na kabichi 4 au 5, mradi zimehifadhiwa pakavu na penye baridi. Unyevu huua mbegu upesi kuliko umri, kwa hiyo droo ya jikoni karibu na jiko ni mahali pabaya. Chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana inafaa zaidi.

SWALI: Miche yangu huota vizuri, halafu inakuwa mirefu kama uzi na kuegemea dirishani. Mwaka jana mingi ililala chini usiku mmoja, shina limesinyaa pale linapogusa udongo. Nilikuwa naimwagilia kila siku! (Aliyekata Tamaa)

JIBU: Usikate tamaa, hayo ni mambo mawili, na yote yana dawa.

Urefu wa uzi ni njaa ya mwanga. Mwanga wa dirishani katika siku fupi za mawingu hautoshi nyanya, hata kama macho yako yanaona chumba cheupe. Tundika taa ya mirija, ya floresenti au ya LED, sentimita 5 hadi 10 juu ya ncha za miche, iwake saa 14 hadi 16 kwa siku, na uipandishe kadiri miche inavyokua. Ikiwekwa mita moja juu haina faida kubwa, maana mwanga hufifia haraka sana unapokwenda mbali. Usiku izime. Jambo la pili ni joto: mbegu hutaka joto ili iote, lakini mche uliokwisha kuota hunenepa vizuri zaidi kwenye nyuzi 16 hadi 18. Ukiuacha juu ya kitu cha kupasha joto, utakimbia kwenda juu. Asiyeweza kupata taa na achelewe kusia kwa wiki mbili tatu, mpaka siku zirefuke, hapotezi kitu.

Nyanya iliyokwisha kurefuka inaokolewa: ihamishie kwenye kikopo kirefu na ulizike shina hadi karibu na majani, litatoa mizizi mipya. Saladi usiifanyie hivyo. Moyo wake ukifunikwa na udongo huoza.

Miche kulala chini ni ugonjwa wa kinyausi. Huletwa na vimelea vya udongoni, hasa Pythium na Rhizoctonia, na yale maji ya kila siku ndiyo yaliyovikaribisha. Mche ulioanguka hauponi. Ondoa ulioanguka pamoja na udongo unaouzunguka, acha uso wa udongo ukauke, na ufungue hewa. Kisha kinga kwa msimu huu: tumia udongo mpya wa kusia, si wa bustanini. Osha vikopo vya zamani, uviloweke dakika 10 katika maji yenye sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kufulia kwa sehemu 9 za maji, halafu uvisuuze. Sia kwa nafasi. Funika mbegu kwa mchanga mkavu safi, kiasi cha nusu sentimita, maana uso ukikauka upesi shina linabaki salama. Kifuniko cha plastiki kitoe mara tu miche ya kwanza inapochomoza. Mwagilia kwa chini: simamisha vikopo ndani ya sinia lenye maji kwa dakika 20, kisha maji yaliyobaki yamwage. Usirudie mpaka kikopo kiwe chepesi mkononi. Feni ndogo ikipuliza polepole hukausha uso wa udongo na, kwa kuitikisa miche, huiimarisha mashina.

SWALI: Theluji imeyeyuka. Nianze kulima? (Jembe Begani)

JIBU: Muulize udongo. Chota konzi moja kutoka kina cha sentimita 10, ufinye, kisha usukume bonge hilo kwa kidole gumba. Likibaki bonge au liking'aa, rudi ndani. Likimeguka chenga, lima. Udongo wa mfinyanzi ukilimwa au kukanyagwa ukiwa maji hubanwa, vinafasi vya hewa hufungwa, na ukikauka huwa kama tofali hadi mwisho wa msimu. Ukilazimika kupita, weka ubao.

Unachoweza kufanya ni kufunika tuta kwa plastiki wiki 2 au 3 kabla ya kusia. Mvua haitalilowesha na joto litapanda. Kisha chomeka kipimajoto sentimita 5 chini, asubuhi, siku tatu mfululizo. Nyuzi 7 zinatosha njegere. Maharage yangoje 12 au zaidi.

SWALI: Miti ya matunda ipogolewe sasa? (Mwenye Msumeno)

JIBU: Tufaha na peasi ndiyo, maadamu zimelala, katika siku isiyo na barafu kali. Anza na matawi makavu, yenye ugonjwa na yanayosuguana, na usivuke robo ya mti. Kata nje kidogo ya ule uvimbe unaozunguka mahali tawi linapotokea, na jeraha usilipake chochote. Plamu na cheri usiziguse mpaka kiangazi: kuvu wa jani la fedha (ugonjwa unaofanya majani yawe na rangi ya fedha) huingia kupitia majeraha mapya wakati wa unyevu na baridi. Mzabibu umalize katikati ya baridi, kabla utomvu haujapanda, la sivyo utatiririka kwenye kila mkato kwa siku nyingi.