Unga wa rangi ya chungwa chini ya majani ya kahawa: namna ya kuutambua kwa hadubini

Mkuu, umeuliza kama ule unga wa chungwa chini ya majani ya kahawa yako, na ukungu mweupe uliokuja juu yake, ni magonjwa mawili, na kama hadubini ya shule inatosha kuhakikisha. Inatosha. Mimi ni bwana shamba huku Kilimanjaro na hadubini ninayoazima ni ya shule ya kata.

Geuza jani kwanza. Doa la njano upande wa juu linaweza kuwa mambo mengi. Unga huo kwa kawaida ni kutu ya majani, ugonjwa wa kuvu. Stomata za mbuni, yaani vitundu vya jani vya kupitishia hewa, ziko upande wa chini, na kutu huingilia humo na kutokea humo humo, ndiyo maana unga unaukuta chini. Ukiona doa la kahawia lenye kitovu cha kijivu, halina unga, hiyo ni Cercospora coffeicola, kuvu mwingine, kesi tofauti kabisa. Chulebuni, ugonjwa mwingine wa kahawa, nayo tuiache, yenyewe hushambulia matunda.

Sampuli naichukua kwa selotepu ang'avu. Gusisha upande wa gundi kwenye unga, kidogo tu maana ukizidisha utaona giza, kisha bandika juu ya tone la maji kwenye kioo. Anza na lenzi ya mara 10, ukishazipata spora (chembe ambazo kuvu huzaliana kwazo, ndizo zinazofanya ule unga) hamia ya mara 40.

Hapo ndipo penye jibu. Spora za kutu nyingi ni za duara au yai, zenye vijimiba kuzunguka kote. Hii ya kahawa, Hemileia vastatrix, ina umbo la figo: mgongo uliobinuka una vijimiba, tumbo ni laini tupu. Urefu wake ni kama mikroni 30 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Iliyokugeuzia mgongo itakuonyesha vijimiba tu, kwa hiyo usikate shauri mpaka upate iliyolala ubavu. Ndugu yake, Hemileia coffeicola, ni wa Afrika Magharibi na ya Kati hasa, na unga wake hutapakaa chini ya jani badala ya kukaa madoa madoa.

Ule weupe si ugonjwa wa kahawa. Kwa kawaida ni Lecanicillium lecanii, kuvu anayekula kutu. Utaona nyuzi nyembamba zisizo na rangi zimezingira spora za chungwa zilizosinyaa. Huyo muache afanye kazi. Hata vifunza vidogo vya chungwa ukivikuta kwenye unga, vinakula spora.

Dawa ya kopa, yaani ya shaba, ipige chini ya majani, kabla mvua hazijakolea. Inazuia spora kuota, ila jani lililokwisha ingiwa na kutu hailiponyi. Wengi hunyunyizia juu juu halafu wanalaumu dawa!

Weka picha ya upande wa chini, na useme aina ya mibuni yako. Kama ni N39, aina ya zamani isiyohimili kutu, sishangai. Kama ni chotara za TaCRI (Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania), zilizotolewa kwa kuhimili kutu na chulebuni, peleka majani kituoni kwao Lyamungo wayaone wenyewe.