Maswali ya Wasomaji: Kioo na Tofali Kutoka Chini ya Barafu

SWALI: Ndugu Mhariri, mjomba wangu ambaye ni baharia ametuletea kutoka Iceland jiwe lenye sura mbili. Upande mmoja ni mweusi na unang'aa kama kioo cha chupa. Upande wa pili ni wa kahawia iliyoelekea manjano, nao unapukutika kama tofali lisiloiva vizuri. Anasema limetoka katika mlima uliolipuka chini ya barafu. Je, barafu haiuzimi moto huo? Na inakuwaje mlima mmoja utoe kioo na tofali kwa pamoja? Msomaji, Kigamboni, Dar es Salaam.

JIBU: Mjomba wako amesema kweli, na sura hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja. Magma ya basalti, yaani mwamba mweusi ulioyeyuka, hufika juu ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, na joto hilo linatosha kuyeyusha barafu yenye ujazo unaozidi wake zaidi ya mara kumi. Kwa hiyo wa kwanza kushindwa ni barafu. Mwaka 1996, mahali paitwapo Gjálp, chini ya Vatnajökull, barafuto (tandiko kubwa la barafu lililofunika nchi) ya huko Iceland, mlipuko ulianza chini ya barafu yenye unene wa zaidi ya mita 500 ukatoboa hadi juu kwa muda wa saa 30 hivi, na wiki chache baadaye maji yaliyokusanyika chini ya barafuto hiyo yalifumka yakawa mafuriko yaliyobomoa madaraja.

Hata hivyo, magma nayo haitoki salama. Aliyewahi kuona tone la maji likiangukia chemni ya kandili iliyopata moto anaijua sauti ile ya kupasuka, na ndivyo ilivyo huko chini, kwa kipimo kikubwa mno. Magma ikipoa polepole, chembe zake hupata nafasi ya kujipanga na kuwa fuwele. Ikikutana na maji ya barafu hukamatwa kabla hazijajipanga, ikawa kioo. Mpishi wa kashata ataelewa upesi, kwani sukari iliyoyeyushwa ikamwagwa kwenye sinia baridi huganda ikiwa angavu, bila punje hata moja.

Umbo la kioo hicho hutegemea uzito uliokikalia. Barafu ya mita 500 hukandamiza kwa nguvu inayokaribia mara 45 ya ile ya hewa tuliyozoea, na chini ya mkandamizo huo mvuke hauwezi kutanuka kwa kishindo; lava, yaani magma iliyokwisha kutoka, hutiririka kwa utulivu na kuvimba katika vifurushi ambavyo wanajiolojia huviita mito, nami nina maana ya mito ya kulalia, si ya maji. Kila mto huvikwa gamba jembamba la kioo cheusi, na nadhani upande unaong'aa wa jiwe lako ni kipande cha gamba hilo. Mlima ukishakua na maji juu yake kupungua kina, mvuke hupata nguvu, na lava husambaratishwa kuwa vipande na vumbi la kioo. Rundo hilo huitwa hayaloklastaiti.

Tofali lako limetokana na rundo kama hilo. Maji yenye joto hupenya katika vipande vya kioo, huondoa baadhi ya madini yake na kukigeuza kuwa palagonaiti, kitu cha rangi ya manjano na kahawia kinachovigandisha vipande pamoja kama saruji, hadi vikawa mwamba wa tufu. Kazi hiyo haihitaji mamilioni ya miaka: katika kisiwa cha Surtsey, kilichozuka baharini kusini mwa Iceland mwaka 1963, majivu yaliyokuwa karibu na joto yaligeuka mwamba katika muda usiozidi miaka 20.

Nikuonye jambo moja. Kioo peke yake si ushahidi wa barafu, kwa kuwa obsidiani ya Naivasha, kwa jirani zetu wa Kenya, ni kioo cha volkano ambacho hakikuhitaji barafu. Wanajiolojia huitafuta mito na tufu kwa pamoja, pengine katika mlima wenye kilele bapa kama Herðubreið wa Iceland, ambako lava ya mwisho ilitiririka hewani baada ya mlima kuchomoza juu ya maji.

Chukua kioo cha kukuzia ulitazame jiwe lako mahali weusi unapokutana na manjano: huenda ukaona vipande vyeusi vilivyozungukwa na ukingo wa manjano, vikiwa bado kioo katikati, pale ambapo maji hayakufika.