Chupa mbili, namba moja: mbona kivimbe hakilingani?

Swali: Daktari, nafanya kazi kwenye kliniki ya mzio. Dondoo letu la kupimia mzio wa utitiri wa vumbi liliisha, tukaletewa la kiwanda kingine. Chupa ya zamani imeandikwa AU 10,000 kwa mililita, mpya PNU 10,000 (AU na PNU ni vizio viwili tofauti vya kupimia dondoo). Mgonjwa yule yule alivimba milimita 8 kwa ya kwanza, na wiki iliyofuata 4 kwa ya pili. Je, mpya imeharibika? Naweza kuendelea nayo kwa wagonjwa wa sindano za matibabu?

Jibu: Kwanza niambie, tone la histamini, lile la kulinganishia ambalo huvimbisha ngozi ya kila mtu, lilivimba sawasawa siku zote mbili? Kama lilipungua, huenda mgonjwa alimeza dawa ya aleji. Kama halikupungua, tuangalie chupa, na si lazima iwe imeharibika.

PNU hupima naitrojeni ya protini, bila kuchagua: protini ya utitiri na ya chakula alichofugiwa, zote huhesabiwa. Mwili wa mgonjwa ndio unaochagua. Kingamwili zake za IgE zimejishika juu ya seli za masti, na seli hizo humwaga histamini pale kizio, yaani protini inayoleta mzio, kinapoziunganisha IgE zilizo jirani. Protini ambayo IgE haiitambui, hata ikijaa chupa, haivimbishi ngozi. Kwa utitiri, zinazotambuliwa zaidi ni Der p 1, kimeng'enya kilichojaa kwenye kinyesi chake, na Der p 2. Kiwanda kinachosaga utitiri waliochujwa na kinachosaga pamoja na uchafu wa walikofugwa hupata uwiano tofauti.

AU ilianzia kwenye ngozi za watu. Huko Marekani, dondoo la rejea lilizimuliwa mara tatu tatu, wenye mzio wakadungwa nalo kwenye ngozi, ikatafutwa nguvu inayoleta wekundu ambao vipenyo vyake viwili vinajumlisha milimita 50. Kila toleo la kiwandani hulinganishwa maabara na rejea hiyo. Kwa hiyo naiamini AU zaidi.

Kivimbe cha milimita 4 bado ni jibu chanya, ikiwa tone tupu, lisilo na kizio, halikuvimba. Lakini kwenye sindano, tafadhali usiendelee na dozi ile ile. AU haigeuzwi kuwa PNU kwa hesabu yoyote. Anza chini, panda upya taratibu, mgonjwa akae nusu saa mbele ya macho yako, na adrenalini iwe mezani. Siku mtakaporudishiwa chupa ya zamani, fanya vivyo hivyo: hapo ndipo mgonjwa anaweza kuanguka.