Jibu: Lazima nifike Maasai Mara ndipo nipate picha za tai?

La hasha, ndugu. Umesema una likizo fupi na lenzi ya milimita 300; kwa hali hiyo mimi ningeshika barabara ya Naivasha. Hifadhi ya Hell's Gate iko kama kilomita 90 kutoka Nairobi, na unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kukodi baiskeli, raha usiyoipata katika mbuga nyingi. Tumbusi wa Rüppell huzalia kwenye yale majabali. Tafuta michirizi myeupe ya kinyesi ukutani. Hapo ndipo wanapolala. Ukibahatika utamwona tai mweusi wa Verreaux akiwinda pimbi. Akikugeuzia mgongo utaona alama nyeupe ya V.

Usijisumbue na alfajiri kwa ajili ya tumbusi. Wao husubiri jua lipashe mawe na hewa moto ianze kupanda, ndipo waelee bila kupiga bawa. Saa tatu hivi kaa tayari, jua likiwa nyuma yako. Weka spidi ya shata 1/2000 ya sekunde, fokasi ya kufuatilia, na uongeze mwanga kidogo, la sivyo anga jeupe litamfanya ndege awe kivuli kitupu.

Furukombe, yaani tai wala samaki, wapo ziwani Naivasha. Wenye boti huwarushia samaki ili washuke. Picha hutoka safi, ila mimi siipendi michezo hiyo. Heri kumngoja awinde mwenyewe.

Kabla ya safari, jizoeze na mwewe wa hapo mjini. Wanakata kona kwa kasi, na hawana kiingilio.