Baada ya Kiharusi, Hisia za Mkono Nazo Zipimwe

Mgonjwa wa kiharusi anapoanza kuunyanyua mkono uliokuwa umepooza, ndugu hushangilia na wengi huona shughuli imekwisha. Nimemuuguza mama yangu hapa Calgary, Kanada, na ninawasihi wenzangu wanaouguza waombe hisia za mkono, yaani uwezo wa kujua mkono uko wapi bila kuutazama, zipimwe kivyake, mbali na nguvu zake, kwa sababu viwili hivyo si lazima virudi pamoja.

Mama alikuwa na nguvu za kushika kikombe cha chai, na alipokitazama kilitulia. Akigeuka kumjibu mtu, kikombe kiliinama polepole hadi chai ikammwagikia mapajani. Kipimo cha Fugl-Meyer cha kukagua wagonjwa wa kiharusi, kilichoanzia Uswidi mwaka 1975 na kinachotumika sana hadi leo, hutoa 0, 1 au 2 kwa kila tendo, mpaka alama 66 kwa mwendo wa mkono. Ninakiheshimu, lakini ngazi tatu haziwezi kuonyesha kosa la sentimita chache.

Mama alipimwa kwa roboti ya Kinarm, iliyobuniwa na Stephen Scott wa Chuo Kikuu cha Queen's mjini Kingston, Kanada, ambayo kundi la Dkt. Sean Dukelow wa Chuo Kikuu cha Calgary limeitumia kwa miaka mingi kuchunguza wagonjwa wa kiharusi. Mgonjwa huketi, mikono ikiwa imeegeshwa kwenye vishikilio na kufunikwa asiione. Roboti huupeleka mkono ulioathirika mahali fulani, naye hutakiwa kuupeleka ule mzima mahali panapolingana na hapo upande wa pili, huku kompyuta ikirekodi amekosea kwa umbali gani na kama kosa linabadilika kila mara. Katika zoezi jingine hufuata alama zinazojitokeza kwenye skrini, na hapo hupimwa muda anaochukua kuanza, kasi yake na unyoofu wa njia aliyopita. Matokeo hulinganishwa na ya watu wenye afya wa umri wake. Kwenye alama za skrini mama alikwenda vizuri. Mkono ulipofichwa, alikosea mno.

Mzee asiyejua Kiingereza aombewe mkalimani, maana maelekezo yasipoeleweka hata majibu ya mashine hupotosha. Apelekwe akiwa amepumzika, na mjue kwamba roboti hapo inapima, haitibu.

Penye hospitali zisizo na mashine hiyo, mwombeni mtaalamu wa fiziotherapia amfumbe mgonjwa macho, ashike kidole gumba chake kwa pembeni, akisogeze juu au chini na kumwuliza kimeelekea wapi, akianza na upande mzima ili mgonjwa aelewe anachoulizwa. Akishindwa kujibu, asishike sufuria ya moto wala kisu bila kuutazama mkono wake, hata kama nguvu anazo. Kisha ombeni nakala ya matokeo na mpange tarehe ya kurudia kipimo mapema, kwa kuwa mabadiliko mengi hutokea katika miezi ya mwanzo.