Dogo, weka hizo cipro chini kwanza

Umeandika mkojo unakuunguza tangu juzi, asubuhi chupi ina madoa ya usaha wa njano, jamaa wa duka la dawa kakwambia ni UTI, na sasa unataka kujua cipro, ile antibayotiki, unameza moja au mbili kwa siku. Ukauliza na mambo ya kuchangia taulo, na kama umwambie shemeji, yaani mpenzi wako, au ukaushe. Mimi nimekwama hapo kwenye cipro. Usimeze hata kimoja.

Kijana wa umri wako UTI ya kawaida humpata kwa nadra. Usaha ukitoka mbele siku chache baada ya kulala na mtu bila kinga, cha kwanza kushuku ni gono, yaani kisonono, na klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, mara nyingi huja nayo kimyakimya. Ila huku kwetu kila kitu ni UTI. Homa UTI, kiuno UTI, umechelewa kazini UTI.

Muuza dawa wangu, yaliponikuta kama yako, alivaa hadi koti jeupe. Hakuuliza nimelala na nani wala lini, akachukua mkasi, akakata kipande cha cipro kwenye karatasi yake, akanifungia. "Kunywa maji mengi kaka, ni hili joto la Dar." Joto! Joto lingekuwa linatoa usaha, daladala za Mbagala zisingepandika.

Na ubaya wake, vidonge vilinidanganya. Usaha ukapungua, mkojo ukaacha kuwaka, nikajihesabu mzima nikarudi kwa mwenzangu kifua mbele. Kumbe gono ilishaizoea cipro miaka mingi. Marekani waliacha kuipendekeza kwa ugonjwa huu mwaka 2007, sisi bado tunakatiwa kwa mkasi. Baada ya muda korodani la kushoto likavimba kama embe dodo. Natembea miguu imetanuka, ofisini nawaambia bodaboda iliniangusha, wakanichangia na hela ya pole. Nilikula, sikatai.

Daktari akaniambia maambukizi yamepanda mpaka kwenye mrija ulio nyuma ya korodani, na nikizidi kuchezacheza njia ya mbegu inaweza kuziba. Yangu yakapoa. Ya mwenzangu ndiyo hayakupoa haraka. Yeye hakuona dalili yoyote, kama wanawake wengi, hadi tumbo la chini lilipomlaza kitandani, mirija ya uzazi imeshashambuliwa. Alilia pale wodini, mimi nimekaa pembeni nimeshika mfuko wa machungwa sina la kusema. Hatuko pamoja tena. Yule wa koti jeupe nikipita bado ananiita "kaka", na mkasi wake uko palepale.

Kwa hiyo pima kwanza, dawa baadaye. Nenda kituo cha afya chenye maabara, na usikojoe kwa saa moja au mbili kabla, maana watataka kukupangusa kwa kijiti chenye pamba kwenye tundu la mkojo, au ule mkojo wa mwanzo kabisa. Ukiwa umeshameza antibayotiki za dukani, kipimo kinaweza kusoma huna wakati unayo. Mhudumu akikuuliza, sema kweli, wanaona hayo kila siku. Gono siku hizi kwa kawaida inatibiwa kwa sindano ya ceftriaxone, na kama klamidia ipo au haijaondolewa shaka, wanaongeza doxycycline ya siku 7. Zimalize hata kama siku ya pili unajisikia bondia.

Shemeji aje siku hiyohiyo, apimwe na atibiwe pamoja nawe. Ukitibiwa peke yako unaenda kuichukua tena kwake. Na mkishamaliza dozi wote, siku 7 kila mtu na shuka lake.

Ukiwa hapo waambie wakutolee na damu ya kaswende na VVU. Dawa ya kuzuia VVU lazima ianze ndani ya saa 72 tangu tendo, kwako naona zimeshapita, lakini kipimo hakijapita. Foleni ya maabara ni asubuhi, wahi.